Kubana na Kulegeza: Nyonga Yangu Baada ya Kujifungua

Baada ya kumzaa mtoto wangu wa pili nilianza kuvuja mkojo. Haikuwa muda wote. Ilikuwa nikipiga chafya, nikicheka kwa nguvu, au nikiinama kumnyanyua yule mkubwa ambaye naye alikuwa akidai kubebwa. Matone machache, siku nyingine zaidi ya matone. Damu ya uzazi ilikuwa imekata zamani lakini pedi nilikuwa bado nazivaa, na kila nguo niliyoichagua asubuhi niliichagua kwa rangi yake, isije ikaonyesha unyevu.

Mama yangu aliniona nafua nguo za ndani mara kwa mara, akaelewa bila kuuliza. "Ndiyo uzazi, mwanangu," akaniambia. "Hata mimi nilikuwa hivyo, na mama yangu vilevile. Utazoea." Aliyasema kwa upendo, na najua alitaka kunitoa hofu. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa bado kijana, na nilijiuliza ni miaka mingapi nitakayoishi nikihesabu vyoo vya kila mahali ninapokwenda.

Kilichonifungulia mlango ni maswali ya mkunga mmoja. Nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki, wiki sita baada ya kujifungua, na alipomaliza na mtoto akanigeukia mimi. "Dada, mkojo unakaa? Choo unakizuia vizuri? Hewa je? Na tendo la ndoa, kama mmesharudi, linauma?" Nilipomzaa mtoto wa kwanza hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo, nilipimwa presha, nikaangaliwa mshono, nikaambiwa naendelea vizuri. Safari hii nililijibu swali la kwanza na machozi yakanitoka hapohapo. Mkunga hakushtuka. Aliniambia kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu huvuja mkojo baada ya kuzaa, na hadi mmoja kati ya kumi hushindwa kuzuia choo au hewa, kisha akaandika barua ya kunipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga za wanawake.

Nilidhani fiziotherapia ni ya watu waliovunjika miguu au waliopooza. Sikujua kuwa ipo kwa ajili ya sehemu hii ya mwili ambayo wengi wetu tunaitaja kwa kuinamisha macho.

Kikao cha kwanza kilikuwa mazungumzo zaidi kuliko kingine chochote. Mtaalamu, mama mmoja mtulivu, aliuliza uzazi ulivyokwenda: nilisukuma kwa muda gani, mtoto alikuwa na uzito gani, nilichanika au niliongezewa njia. Nilichanika, daraja la pili. Akanieleza kuwa kuchanika kuna madaraja manne. La kwanza ni ngozi tu, la pili linaingia kwenye misuli ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, la tatu linafika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa, na la nne linapita hadi kwenye ukuta wa ndani wa njia hiyo. Wanawake wengi hutoka wodini hawajui wako daraja lipi, wakati jibu hilo ndilo linaloamua uangalizi wanaohitaji. Ukiweza, uliza, na uombe liandikwe kwenye kadi yako.

Akanipa pia karatasi ya kujaza nyumbani kwa siku tatu: ninakunywa nini na saa ngapi, mkojo ninaotoa unajaza kiasi gani kwenye kikombe cha kupimia, ninavuja lini na nikifanya nini. Kwa mama anayenyonyesha, kupima mkojo kikombeni ni kazi nyingine juu ya kazi. Niliifanya, na karatasi ikasema mengi. Kama wanawake wengi wanaoogopa kuvuja, nilikuwa nakunywa maji kidogo, na nilikuwa naenda haja ndogo "ya tahadhari" kila nilipokaribia kutoka nyumbani. Mtaalamu akanionyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoshirikiana. Kibofu cha mtu mzima kinaweza kubeba takriban mililita 400 hadi 600, na kwa kawaida mtu anaweza kukaa saa mbili mpaka nne kati ya haja moja na nyingine. Ukikimwaga kila mara kikiwa na kidogo, kinazoea kulalamika mapema. Na ukinywa maji machache, mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, hamu inazidi. Kwa hiyo tiba yangu ilianza na kunywa maji ya kutosha na kuongeza muda wa kusubiri kidogo kidogo. Hamu ikija, nisikimbie. Nisimame au nikae, nibane mara kadhaa haraka haraka, nipumue, nisubiri wimbi lipite, ndipo niende kwa mwendo wa kawaida.

Uchunguzi wa ndani ndio niliouogopa. Nataka kuueleza kama ulivyo kwa sababu najua kuna mwanamke anayesoma haya ambaye hatakwenda kwa kuuogopa. Kwanza alichukua mfano wa mifupa ya nyonga, akanionyesha misuli inavyolala. Akaniambia atatumia kidole kimoja, glavu na jeli, bila kifaa kingine, na kwamba naweza kukataa leo tukafanya siku nyingine au tusifanye kabisa, kwani kuna mengi yanayoonekana hata kwa kutazama na kugusa kwa nje. "Ukisema acha, naacha papo hapo." Aliniuliza kama ningependa mtu wa kukaa nami. Nikakubali tuendelee. Haikuuma. Alinitaka nibane, nilegeze, nikohoe. Alikuwa akipima nguvu, muda ninaoweza kushikilia, kama ninaweza kuachia baada ya kubana, na kama kuna sehemu inayouma karibu na kovu.

Kipimo cha nguvu kinakwenda kutoka 0, msuli usiobana kabisa, hadi 5, msuli wenye nguvu. Mimi nilikuwa 2. Na aligundua mambo mengine ambayo hakuna karatasi ya mazoezi ingeweza kuyaona: nilipodhani nabana, nilikuwa nakaza makalio na kuzuia pumzi, na misuli yenyewe inajongea kidogo tu. Nilipokohoa, iliamka ikiwa imechelewa, mkojo umeshapita.

Misuli hii, inayoitwa sakafu ya nyonga, ni kama kitanda cha kamba kilichotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vinakaa kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho; ndani yake zinapita njia tatu, ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa. Mimba inailemea kwa miezi tisa, njia yoyote utakayojifungulia. Kisha kichwa cha mtoto kinapopita, sehemu ya katikati hunyooshwa kupita kiasi: watafiti waliotengeneza mfano wa kompyuta wa uzazi walikuta baadhi ya misuli hiyo ikivutwa hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Niliposikia hivyo niliuangalia mwili wangu kwa heshima mpya. Msuli wa paja ungevutwa hivyo, hakuna ambaye angeniambia nirudi kwenye kazi zangu na nizoee.

Basi tukaanza. Kubana kwenyewe kunafundishwa hivi: jaribu kuzuia hewa isitoke nyuma, na papo hapo mkojo usitoke mbele, kisha uvute vyote kuelekea ndani na juu. Tumbo la juu, mapaja na makalio yabaki yamepumzika. Pumzi isizuiwe. Nilianza nikiwa nimelala chali, magoti yamekunjwa, kwa sababu ukilala uzito haukukandamizi. Baadaye nikakaa, baadaye sana nikasimama. Kuna kubana kwa kushikilia, unahesabu polepole kisha unaachia kwa muda uleule, na kuna kubana kwa haraka, bana-achia, bana-achia, kwa sababu chafya haisubiri mtu ahesabu. Miongozo ya matibabu ya Uingereza inataka mwanamke mwenye tatizo kama langu afanye angalau mibano 8 mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu, chini ya usimamizi. Hiyo miezi mitatu ndiyo watu wasiyoambiwa. Wiki za mwanzo sikuona tofauti yoyote, na mtaalamu alikuwa ameshanionya: kwanza ubongo unajifunza kuupata msuli, nguvu zinafuata baadaye.

Kuna kosa moja limeenea sana, la kufanya mazoezi kwa kukata mkojo katikati ya haja. Kufanya hivyo mara moja ili kuujua msuli ulipo hakudhuru. Kulifanya liwe zoezi la kila siku kunakivuruga kibofu na kunaweza kuacha mkojo ndani.

Kilichonisaidia mapema kuliko nguvu ni wakati. Mtaalamu alinifundisha kubana sekunde moja kabla ya tendo: kabla ya kukohoa, kabla ya chafya, kabla ya kumnyanyua mtoto. Bana, kisha toa pumzi huku unanyanyua. Hata msuli dhaifu, ukitangulia kufika, unazuia mengi. Nilianza kuona siku kavu kabla kipimo changu hakijapanda hata daraja moja.

Na pumzi. Hili sikulitegemea kabisa. Ukivuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu kinashuka, na sakafu ya nyonga inashuka nayo kidogo. Ukitoa pumzi, vyote vinapanda. Kwa hiyo anayezuia pumzi na kukaza anasukuma chini palepale anapotaka kuvuta juu. Vikao kadhaa vyangu vilikuwa vya kulala tu, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, nikijifunza kupumua mpaka mbavu zipanuke pembeni na kujua kwa ndani jinsi misuli inavyoachia. Mtu angenitazama angesema sifanyi kitu.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote. Wanawake tunaambiana "fanya Kegel" kama dawa ya kila mtu. Arnold Kegel alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake huko Marekani. Mwaka 1948 aliandika kuhusu mazoezi haya ya kubana, na alitengeneza kifaa cha kupima mbano wa misuli ili mwanamke aone mwenyewe kama anabana ipasavyo. Jina lake limesambaa, lakini ule upimaji umebaki nyuma. Matokeo yake niliyaona kwa rafiki yangu. Yeye hakuwa anavuja. Aliongezewa njia wakati wa kujifungua, na miezi mingi baadaye alikuwa bado anakaa kwa upande mmoja wa kiti, tendo la ndoa linamuuma hadi analia, na haja ndogo inatoka kwa kukatika-katika. Alikuwa amesoma mahali kwamba nyonga ikisumbua baada ya uzazi inahitaji mazoezi ya kubana, naye akabana kwa bidii, asubuhi na jioni. Maumivu yakazidi.

Nilimsindikiza kwa mtaalamu wangu. Alipopimwa, misuli yake ilikutwa imekaza na haijui kuachia. Ilikuwa imejikunja kulinda kidonda hata baada ya kidonda kupona. Dawa yake ilikuwa kinyume cha yangu. Aliambiwa aache kubana kabisa kwa muda. Akafundishwa kupumua, kukaa katika mikao inayofungua nyonga, kulikanda kovu kwa kidole gumba na mafuta yasiyo na manukato, na baadaye kutumia vipanuzi vidogo vya kuingiza ukeni, hatua kwa hatua, kwa kasi yake mwenyewe. Misuli miwili ya jina moja, wanawake wawili wa umri mmoja, na zoezi lililonitibu mimi lilikuwa linamuumiza yeye. Ndiyo maana ninasisitiza kupimwa na mtu kabla ya kufuata orodha ya mazoezi, ikiwemo hii yangu.

Kuhusu tendo la ndoa, niseme kwa ufupi kwa kuwa wengi huuliza pembeni. Anayenyonyesha ana homoni ya estrojeni kidogo, na uke unakuwa mkavu na mwembamba. Si kwamba humpendi mumeo. Jeli ya kulainisha inasaidia, kovu linaweza kukandwa, na zile wiki sita hazina maana kwamba siku ya arobaini na tatu mwili umefunguliwa rasmi. Mume wangu alikuja nami kliniki siku moja, akasikiliza mwenyewe maelezo ya mtaalamu, na tangu hapo sikulazimika kujieleza nyumbani.

Choo nacho kinastahili kusemwa waziwazi. Kujikamua kwa choo kigumu kila siku kunasukuma chini misuli ileile unayojaribu kuiinua. Nilifundishwa kukaa na miguu juu ya kigoda kifupi, magoti yawe juu ya nyonga, niiname mbele, viwiko juu ya mapaja, nitoe pumzi polepole badala ya kuizuia na kusukuma. Mara tu choo kilipokuwa laini, ule uzito niliokuwa nausikia chini jioni ulipungua sana. Kama kuna ushauri mmoja ambao ningemnong'oneza kila mzazi wodini, ni huu wa kigoda.

Waliojifungua kwa upasuaji hawako nje ya habari hii. Wamebeba mimba ileile, wana kovu tumboni linaloweza kung'ang'ania tishu za chini yake, na misuli ya mbele ya tumbo huweza kuachana katikati kama ya mwingine yeyote. Nilikutana nao wengi kwenye benchi la kusubiri. Kule Ufaransa bima ya afya ya taifa hulipia tiba hii kwa mama aliyejifungua, kwa kawaida vikao 10, na hakuna anayeiona kuwa anasa. Natamani iwe hivyo kila mahali.

Mtaalamu alikuwa mkali katika jambo moja: kuna hali ambazo si za mazoezi. Mkojo au kinyesi kinachotoka kupitia ukeni mfululizo, usiku na mchana, bila kusubiri chafya wala kikohozi, kinaweza kuwa dalili ya fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, na tundu hilo hutibiwa hospitali, mara nyingi kwa upasuaji. Hakuna mbano utakaoliziba. Kushindwa kabisa kukojoa, damu kwenye mkojo, homa pamoja na mkojo unaochoma, ganzi katikati ya mapaja au miguu kuishiwa nguvu, vyote vinataka daktari upesi. Na ukihisi kitu kinashuka au ukagusa uvimbe kwenye mlango wa uke, usikae nalo nyumbani kwa aibu.

Hilo la mwisho ndilo lililomrudisha mama yangu kwenye habari hii. Miezi ilikuwa imepita, mimi nimefika 4 kwenye kile kipimo, nakohoa bila kuvuka miguu. Nilikuwa namsimulia habari za mtaalamu, naye akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi kuna kitu kinashuka. Kikianza jioni, mpaka nilale ndipo kinarudi." Alikuwa akiishi nacho tangu mdogo wetu wa mwisho alipokuwa mtoto. Alikuwa ameacha kwenda safari ndefu, tukadhani ni uvivu wa uzee.

Nilimpeleka. Kizazi kilikuwa kimeshuka. Akapewa pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo visishuke, akafundishwa jinsi ya kuitunza, na akaanza mazoezi kwa kiasi chake. Aliuliza kama umri wake haujapita kwa mambo hayo. Mtaalamu akamjibu, "Shikamoo mama, msuli ni msuli. Unaofanyishwa kazi unajibu hata ukiwa bibi." Kizazi hakikurudi kilipokuwa zamani, na hakuna aliyemwahidi hivyo, lakini ule uzito wa jioni umempungukia na safari ameanza tena.

Mimi sasa nina mimba ya tatu. Mazoezi nimeyaanza mapema, kwa kuwa mwanamke asiyevuja anayeyaanza mimba ikiwa changa hupunguza uwezekano wa kuvuja miezi ya mwisho. Kuanzia wiki ya 34 nitakuwa naukanda msamba. Nimemwomba mkunga aandike kwenye kadi yangu kwamba wakati wa kusukuma niwekewe kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba, jambo ambalo limeonekana kupunguza michaniko mikubwa, na kwamba nikichanika niambiwe daraja kabla sijatoka chumbani. Ameandika yote mawili. Barua ya kwenda fiziotherapia ameniambia atanipa mapema, tarehe ikiwa wazi, nisisubiri mpaka nianze kuvuja.